Mzazi asiyelala: kisa kimoja cha Islii

Sauti ndiyo iliyonipokea kabla ya moshi. Simu ilikuwa imelazwa juu ya mto, ubavuni kabisa mwa mzazi, ikisoma Suratul Baqara. Sura ikimalizika, inaanza upya. Eddo yake, yaani shangazi, aliniambia kwa fahari kwamba haijazimwa tangu juzi, mchana na usiku, na ikiishiwa chaji inachomekwa papo hapo kitandani. Mzazi mwenyewe alikuwa ameketi kitako ukutani, macho makavu, akikunja na kukunjua ncha ya shali. Ilikuwa siku ya tisa tangu ajifungue, na kwa hesabu ya shangazi, usiku wa nne bila kufumba jicho.

Mimi ni mkunga, mzaliwa wa Lamu, na huku Nairobi kazi yangu kubwa ni kuwatembelea wazazi majumbani. Wengi wao ni Wasomali wa Eastleigh, mtaa ambao wenyewe wanauita Islii. Mzazi huyu, aliyekuwa amepata mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miaka ishirini na kitu. Yeye na shangazi yake wameniruhusu nikisimulie kisa hiki, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane. Nakiandika kwa sababu kila nikikitaja mbele ya wenzangu wa kazi, hukatiza kabla sijafika katikati: "Na yule shehe wao aliwachelewesha siku ngapi?" Shehe hakutuchelewesha hata saa moja. Waliochelewesha ni watu wengine, na mimi nimo.

Kilichoniponza kwanza ni kwamba karibu kila kitu mle chumbani nilikijua. Chetezo, ambacho wao wanakiita dabqaad, kilikuwa kinafuka manemane, asubuhi na jioni, ili harufu za dunia zisimdhuru kichanga. Manemane wanaita malmal, na kipande chake kilikuwa kimefungwa kwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Habasoda, neno letu na lao ni moja tu, kama hirizi, ambayo kwao ni xirsi (hiyo x isome kama ile h nzito ya Kiarabu). Arubaini ya mzazi wanaiita afartan, na siku ya kutoka ni afartanbax. Dirishani palikuwa na dumu la lita tano la tahliil, maji yaliyosomewa Kurani kisha yakapuliziwa pumzi na mate mepesi ya msomaji. Ni ndugu wa kombe letu, ila sisi aya tunaziandika kwa zafarani kwenye sahani na kuziosha. Kitu kigeni kwangu kilikuwa kimoja: masikioni mzazi alivaa punje za kitunguu saumu zilizotungwa kwenye uzi kama hereni, kinga ya kijicho.

Mtu akijikuta kwenye chumba kinachofanana na cha bibi yake hujiona mwenyeji, na hapo ndipo anapovunja vyombo.

Historia niliyopewa ni hii. Alizaa hospitali, uzazi wa kawaida, akatokwa na damu zaidi kidogo ya inavyotarajiwa, siku ya pili akarudi nyumbani. Siku ya tano alianza kuongea sana, na waliomzunguka wakaona ni furaha. Siku ya saba ilichinjwa wanqal, akika ya mtoto, nyumba ikajaa wageni. Katikati ya shughuli alinyamaza ghafla, akawa anautabasamia ukuta. Usiku ule alimfungua mtoto nguo zote akimkagua, akasema huyu si wake, wake alikuwa na alama begani, amebadilishwa. Usiku wa kuamkia nilipoitwa walimkuta amesimama dirishani, ghorofa ya tatu, akizungumza na mtu aliyeko nje.

Familia ilikuwa na maelezo tayari: il, jicho. Kuna mgeni siku ya wanqal alimsifia mtoto bila kusema mashallah, na walimjua kwa jina. Nami nilikuwa na maelezo yangu. Uzazi mpya, kukosa usingizi, maneno mengi kisha ukimya, imani kwamba mtoto amebadilishwa: hicho ndicho Waswahili wengi wanachokiita kichaa cha uzazi. Kinampata mzazi mmoja au wawili katika kila elfu, karibu kila mara ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura sawa na kuvuja damu. Mama anayeamini kwamba kitoto kilichoko mikononi mwake ni cha watu wengine, au ni kitu kingine kabisa, anaweza kukidhuru huku akidhani anakitetea chake. Ila tiba ikiwahi, wengi hupona vizuri kuliko wagonjwa wengine wote wa akili ninaowajua.

Basi nikafungua mdomo. Kwa ile hamu ya kuonyesha kwamba mila nazijua, nikamuuliza mama mkwe: "Je, mnadhani ana pepo?"

Uso wake ulifunga kama duka. "Hapa hakuna pepo. Sisi si watu wa saar."

Huku kwetu pwani, neno pepo halimtii mtu aibu kubwa hivyo. Pepo ana kabila, ana ngoma yake, ana chano chake. Mtu anazungumza naye, anampa anachotaka, wanapatana. Wasomali nao walikuwa na kitu kama hicho, saar, na jamaa yake mingis: ngoma, uvumba, kahawa, manukato, chini ya mwanamke kiongozi anayeitwa calaqad. I. M. Lewis, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wasomali wa kaskazini miaka ya 1950, aliiona saar kama silaha ya wanawake: pepo anadai nguo mpya, marashi na chakula kizuri, na mwenye kulipa ni mume. Lakini mwamko wa dini wa miongo ya karibuni umeisukuma saar pembeni. Kwa familia kama hii ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, na mwenye kuitaja anawatukana. Kwao jini yupo, Kurani imemtaja, na anatolewa kwa Kurani. Hapatanwi naye. Neno langu moja lilinihamisha kutoka upande wa watu wa dini hadi upande wa wapiga ngoma.

Nikajaribu kujirekebisha, nikaharibu zaidi. Nikasema: "Samahani mama, nilikuwa namaanisha ni ugonjwa wa akili." Shangazi, aliyekuwa akitafsiri, alisita, kisha akasema *waali*. Sikuhitaji mkalimani kuona kilichotokea. Waali ni wazimu wenyewe, wa kuokota makaratasi barabarani, na wengi wanaamini kwamba aliyewahi kupatwa nao haponi akawa mzima kamili. Mwenye waali ataachwa, na wadogo zake wa kike posa zitawapita. Kuna maneno mengine mengi yaliyo mepesi: *welwel* ni wasiwasi, *murug* ni huzuni, na *buufis*, lililoenea kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab miaka ya 1990, ni ile hamu ya kuhamishiwa ng'ambo inayomla mtu mpaka akili inayumba. Yote hayo mtu anaweza kuyakiri mbele ya wageni. Mimi nilichukua lile moja lisilokirika.

Nikaombwa kwa adabu ninywe chai. Mama mkwe hakurudi chumbani.

Jioni hiyo kikao cha familia kilikaa, nusu sebuleni, nusu kwenye simu. Mume yuko Johannesburg, ana duka; alisikiliza kupitia jumbe za sauti. Mwenye neno zito upande wa mzazi alikuwa abti, mjomba wake, na upande wa mume ni mama mkwe. Sikuwamo kikaoni, nilihadithiwa na shangazi, ambaye tangu hapo alikuwa mshirika wangu. Mapendekezo yalikuwa manne. Bibi kizee aliyetoka Wajir alitaka mgonjwa achomwe kisogoni kwa kijiti cha moto, kwani ugonjwa na moto havikai nyumba moja. Msicheke. Tiba hiyo, gubid, ni ya zamani na bado ina wafuasi. Mpaka leo nikimpima presha mtu mzima aliyewahi kuugua manjano utotoni, mara kwa mara nakuta makovu madogo ya duara kwenye vifundo vya mikono. Abti alikataa, na bibi hakung'ang'ania. Shangazi alitaka hospitali. Mama mkwe alitaka shehe wa msikiti wao. Shemeji, kaka wa mume, alikuwa na namba ya simu ya cilaaj.

Hapo kwenye cilaaj ndipo ningependa msomaji atue, kwa sababu watu wa nje huiweka kapu moja na shehe. Neno ni la Kiarabu, tiba, na cilaaj ni nyumba yenye vitanda. Mgonjwa anapelekwa, familia inalipa kwa mwezi, anasomewa, ananyweshwa mitishamba na asali, anapakwa mafuta ya zaituni yaliyosomewa. Zilichipuka kwa wingi baada ya 1991, dola ya Somalia ilipoporomoka na hospitali za akili pamoja nayo, huku vita vikizidisha wagonjwa. Ziko Mogadishu, ziko Hargeisa, na Islii pia. Kutoka Ulaya wazazi huwarudisha vijana wao waliovurugika wakatibiwe huko. Ziko zenye watu waungwana. Ziko pia zile ambazo Human Rights Watch ilizieleza mwaka 2015 kwa upande wa Somaliland: watu waliofungwa minyororo, waliofungiwa bila kuridhia, waliopigwa. Na mbali na cilaaj kulikuwa na ya ajabu zaidi. Mogadishu familia zililipa ili mgonjwa afungiwe chumba kimoja na fisi, ikiaminika fisi humwona jini na kumfukuza. Abdirahman Ali Awale, maarufu kwa jina la Habeb, aliyefungua hospitali za akili nchini Somalia, aliipinga tabia hiyo hadharani, na Shirika la Afya Duniani likaanzisha kampeni ya kuondoa minyororo, kwanza hospitalini, kisha majumbani.

Cilaaj iliyopigiwa simu na shemeji ilikuwa na sharti mbili: siku arubaini, na mtoto abaki nyumbani. Kijana huyu hakuwa mtu mbaya. Rafiki yake alikuwa amepona huko, na kwa mtu anayetafuta mlango, cilaaj ndiyo iliyokuwa na mlango ulio wazi saa nne usiku. Hospitali yetu ilikuwa na foleni.

Kikao kikaamua shehe aje kwanza, kesho asubuhi.

Nilirudi saa tatu nikiwa nimejiandaa kubishana. Shehe alikuwa mzee mwembamba, kikoi na koti, bakora mkononi, si mwenye kituo wala kibao. Ni imamu tu anayeitwa nyumba za watu. Alivua viatu, akasalimu, na jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha kidole kwenye simu. "Hii ya nini?" Akajibiwa. Akauliza imesoma tangu lini. Akajibiwa. "Na yeye amelala lini?" Kimya. Akaizima mwenyewe. Kisomo, alisema, kinasomwa na mtu kwa mtu, kisha mtu anapumzika. Mtume mwenyewe alikuwa akilala.

Halafu akaketi kwa mbali, mkono wa mzazi ukiwa umeshikwa na shangazi, akaanza Fatiha, kisha Ayatul Kursiyyu, polepole. Nilikuwa namtazama kuliko nilivyomtazama mgonjwa, kwa sababu niligundua anapima. Anayesoma ruqya, yaani kisomo cha kumtibu mgonjwa, huangalia mwili unavyoitikia: mtu anapiga kelele, anatetemeka, anageuza sauti, anaziba masikio? Mzazi hakufanya hata moja. Katikati ya aya alianza kuifuata kwa sauti ndogo, na shehe alipoinyamazia makusudi, akaimalizia mwenyewe. Mama mkwe alitaka kumzuia, maana yuko nifasini, bado katika damu ya uzazi, na kwake huo si wakati wa kusoma Kurani. Shehe akamwashiria amwache, hiyo ni dhikri, kumkumbuka Mungu tu. Akarudia mara tatu. Akamuuliza yeye nani, yuko mji gani, huyu mtoto wa nani. Jina alilijua, mji aliukosea, na la mtoto alijibu kwa kunong'ona: "Wamemweka."

Shehe aligeuka kwa mama mkwe, akasema maneno ambayo shangazi alinitafsiria palepale: jini halimmalizii mtu Ayatul Kursiyyu. Jicho linaweza kuwa lipo, hilo nitalisomea. Lakini huyu mwili wake umechoka, damu imemtoka, na usingizi umemkimbia. Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, mpelekeni. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili cha Kismayu, kilichonikumbusha sana kwetu: "Hospitali itamkubali na mwanawe?"

Hilo ndilo swali ambalo mimi, mkunga, sikuwa nimejiuliza. Nikatoka nje, nikapiga simu nne. Ya nne ilikubali mama, mtoto na mtu mmoja wa kukaa nao.

Hospitali nitaipitia haraka, kwa sababu upande wa dawa haukuwa na utata. Joto la kawaida, malaria hakuna, maambukizo ya kizazi hakuna, damu 8.4, chini. Daktari alimwanzishia olanzapini, dawa ya akili iliyovurugika, na kidonge cha usingizi, na usiku wa kwanza alilala saa kumi na moja. Sijawahi kuwaona watu wakimtazama mtu amelala kwa furaha namna ile.

Asubuhi yake yote nusura yamwagike. Muuguzi wa zamu, katika kumsafisha mtoto, alikata ule uzi wa malmal akautupa kwenye ndoo ya taka. Hakusema kitu; kwake ulikuwa uchafu. Mama mkwe alipofika aliuona mkono mtupu, akambeba mjukuu akaelekea mlangoni. Kwake hospitali ilikuwa imemvua mtoto kinga mahali palipojaa wagonjwa na macho ya watu. Nilimkuta korido. Sikujaribu kumweleza chochote safari hii. Nikamuuliza tu kama nyumbani kipo kipande kingine cha malmal, na kama tukikifunga kwenye kitanda cha mtoto badala ya mkono, kinafaa. Alifikiri. Akampigia shehe. Kinafaa.

Likabaki la maziwa. Daktari alisema dozi ile haimzuii kunyonyesha, ila siku za kwanza mama alikuwa na usingizi mzito mno. Binti wa shangazi, mwenye mtoto mchanga, akajitolea kunyonyesha, na alikuwa ameshanyonyesha mara mbili kabla shehe hajapata habari. Akasema basi, hesabuni. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ni yao na ni yetu, manyonyesho matano humfanya mtoto kuwa ndugu wa kunyonya, hataoana na wa nyumba ile. Katika ukoo unaoozana binamu, hilo si dogo. Wakanunua maziwa ya kopo kwa siku nne. Hakuna fomu yoyote ya kulazwa niliyowahi kuijaza yenye mstari wa kuuliza jambo hilo.

Shehe alikuja wodini mara tatu. Alisoma dakika kama kumi, chini kwa chini, akapulizia maji, akaondoka kabla ya chakula. Kwenye wiki ya tatu mzazi alimwomba mwanawe kwa jina.

Nikipima nani alifanya nini, dawa ndiyo iliyouvunja ugonjwa, sina shaka. Lakini aliyemweka hai yeye na mtoto mpaka dawa ikafika ni afartan. Desturi ya kutomwacha mzazi peke yake hata kwa dakika, ambayo wauguzi wengi huiona kero ya msongamano, ndiyo iliyofanya awepo mtu wa kumshika dirishani. Kitunguu saumu hakikumtibu wala hakikumdhuru. Simu ilimdhuru, na simu si mila ya mtu. Ni kisomo kilichokatwa kutoka kwa msomaji. Shehe anachoka, anaona, anauliza. Rekodi haiulizi amelala lini. Tofauti hiyohiyo naiona kati ya shehe na cilaaj aliyoipigia shemeji: mmoja anaweza kusema "huyu si wangu" bila kupoteza kitu, mwingine ameshapangisha jengo. Labda nawaonea wenye vituo. Ila hata kliniki za kwetu zenye vibao vya msalaba mwekundu, zile zenye vitanda vitupu hazipendi kutoa rufaa.

Siku ya arubaini walimtoa. Alivaa dirac, gauni pana la Kisomali, ya rangi ya machungwa, akapelekwa kwa jamaa mtaa wa pili kula na kurudi, kama inavyotakiwa. Nilialikwa. Mama mkwe aliniketisha karibu naye, akanikatia nyama kwa mkono wake, na hatukuzungumza juu ya lile neno. Katika nyumba ile kilichotokea kinaitwa il mpaka leo. Vidonge vilimezwa miezi tisa, vikiwekwa kwenye kopo la habasoda.

Sasa ana mimba ya pili, wiki ya 29. Daktari amewaambia wazi kwamba waliowahi kupatwa hurudiwa na ugonjwa huu kwa uzazi unaofuata, kati ya theluthi na nusu yao. Mama mkwe hataki hospitali mpya iambiwe ya zamani. Lile neno litaandikwa, na likiandikwa halifutiki. Abti ananyamaza. Shangazi na shehe wamepanga mambo yao: wanqal isiwe na wageni, maziwa ya kopo yanunuliwe mapema, usiku mtoto alale na shangazi, na simu zote zikae sebuleni. Mimi nimeombwa kutafuta daktari atakayeandika historia yote kwenye faili bila kutumia neno kichaa. Nimeongea na wawili. Wa kwanza aliniambia ugonjwa una jina lake. Wa pili ameomba kwanza aonane na shehe.